Kilo Sabini na Mbili za Mtukufu

Iko nchi moja, wala si hii yetu, Mungu apishie mbali, ambako kumpima mtu mzima kilo zake ni tusi. Wahenga wao walisema kinachopandishwa mizanini ni mbuzi wa kuuza na gunia la kahawa, na serikali yao, ambayo hupenda sana mila pale zinapoisaidia, ikalifanya neno hilo kuwa sheria. Sheria ya Heshima ya Uzito ina vifungu vinne tu. Cha kwanza kinasema mheshimiwa hapimwi. Cha pili kinasema uzito wake utatangazwa siku anapoapishwa na hautabadilika mpaka astaafu. Cha tatu kinasema Mtukufu Kiongozi ana kilo sabini na mbili. Cha nne kinasema hakuna wa kumzidi.

Basi mawaziri wa nchi ile wana kilo sitini na nane kila mmoja, na makatibu wakuu sitini na tano. Waziri wa Chakula alishavunja viti vitatu bungeni, na kila mara aliyeshtakiwa ni seremala, kwa sababu kiti kinachoshindwa kubeba kilo sitini na nane ni kiti cha hujuma. Raia wa kawaida wao hupimwa, tena mara mbili, kwa kuwa hawaaminiki.

Watu walishaizoea sheria hiyo kama wanavyozoea jirani mlevi. Aliyeshindwa kuizoea ni mwanamke mmoja, Bi Tunu, na si kwa ubishi wake. Ni kazi yake iliyomponza.

Bi Tunu alikuwa karani wa uzito katika uwanja wa ndege wa mji mkuu. Kabla ndege haijaondoka alijumlisha watu, mizigo na mafuta, akaangalia kama jumla haizidi uwezo wa ndege, na kama uzito umekaa mahali pake, usielemee mbele wala mkiani, kisha akatia sahihi hati ya uzito. Bila sahihi hiyo ndege haikwenda popote. Hayo ndiyo yalikuwa mamlaka yake pekee duniani, maana nyumbani hata paka alikuwa hamsikilizi.

Sasa ndege, kwa bahati mbaya, ni chombo cha kutoka nje na hakisomi Gazeti la Serikali. Hilo Bi Tunu alilijua mapema. Kwa miaka ishirini na mmoja aliweka daftari la pembeni. Waziri akipanda ngazi, yeye humkadiria kwa jicho kama muuza nyama anavyokadiria paja, akaandika kwa penseli: mia na kumi, na begi lake. Kisha hutafuta masanduku mawili matatu ya kubaki chini, hili halina muhuri, lile limekosa lebo, mpaka hesabu ya kweli ikae sawa. Kwenye hati aliandika kilo za sheria. Funika kombe mwanaharamu apite. Ndege za nchi ile zikawa haziangukii mtu, na Waziri wa Anga akapewa nishani kwa hilo.

Aliyejua siri ya daftari ni mmoja tu, Kidawa, mwanawe wa pekee, mhudumu wa ndege. Kidawa alikuwa akiwaambia wenzake, "Mama akishasaini, mimi napanda hata nikiwa nimesinzia." Bi Tunu akilisikia hilo alifurahi, na usingizi wake yeye ukapungua kidogo.

*

Siku yenyewe ilikuwa ya sherehe. Nchi jirani ilikuwa inafungua mkutano mkubwa wa kubana matumizi, na Mtukufu akaamua kuupelekea zawadi: sanamu yake ya shaba, amesimama, kidole kimenyooka kuonyesha maendeleo yaliko. Ujumbe wa kuisindikiza ulikuwa wa waheshimiwa thelathini, pamoja na kikundi cha ngoma cha wazee kumi na wanne, wa kucheza huko kila hotuba inapokwisha.

Bi Tunu alifika uwanjani asubuhi akaikuta sanamu inaning'inia kwenye kreni. Dereva wa kreni, Makwaya, alikuwa amekunja uso.

"Dada Tunu, njoo usikie," alisema. "Kreni yangu mwisho wake tani tatu. Leo imelia kama mbuzi wa sikukuu."

"Wewe unakadiria ngapi?"

"Mbili na nusu. Lakini mimi hukuniona, wala sina mdomo."

Kwenye mguu wa sanamu ilikuwa imefungwa lebo ya serikali. Bi Tunu aliinama akaisoma. Iliandikwa: KILO 72.

Alimwendea Bwana Chambuso, Afisa Itifaki, aliyekuwa na orodha mkononi na jasho shingoni. Chambuso hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye watoto sita na bosi mmoja.

"Bwana Chambuso, hii lebo nani ameiandika?"

"Sheria, dada. Sanamu ya Mtukufu haiwezi kumzidi Mtukufu. Soma kifungu cha nne."

"Na mbona kreni inaielekeza mkiani? Angalau iwekeni tumbo la mizigo la katikati."

Chambuso alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mtoto kunawa. "Juu ya tumbo la katikati kuna viti. Unataka mtu akae akikanyaga kichwa cha Mtukufu? Nyuma yake kuna choo, hilo sitaki hata kulitamka. Mkiani juu yake kuna bendera tu. Tumelijadili siku nne."

"Basi waheshimiwa wakae mbele kabisa, isaidie kidogo."

"Safu sita za mbele ni wazi. Ni heshima kwa Mtukufu."

"Mtukufu anasafiri?"

"Hasafiri. Ndiyo maana ni heshima."

Kreni ikashusha mzigo. Mkia wa ndege ukazama taratibu, pua ikanyanyuka, na gurudumu la mbele likawa linagusa lami kwa ncha tu. Mafundi wakakimbia na mguu wa chuma wakauegemeza chini ya mkia ili ndege isikae kitako. Mtangazaji wa redio ya taifa, aliyekuwa akirusha matangazo kutoka jukwaani, alipaza sauti: "Ndugu wananchi, ndege yetu imeinua uso kwa fahari!" Watu wakapiga makofi. Mtukufu mwenyewe, chini ya mwavuli, akapunga mkono.

Bi Tunu aliingia ofisini kwake akapiga hesabu mara tatu, kwa kilo za kweli. Mara zote tatu jibu lilikuwa lile lile. Ndege ingekimbia, ingeinua pua kabla ya wakati wake kama mtu anayekunywa maji kwa kata, na rubani angesukuma usukani mpaka mikono imwume asiweze kuishusha. Safari nzima ingemalizikia mwisho wa uwanja. Alitazama orodha ya wafanyakazi wa ndege hiyo, ingawa alikuwa anajua kilichoandikwa. Jina la Kidawa lilikuwa la tatu. Akachukua karatasi ya hesabu, akatoka kumtafuta Waziri.

*

Waziri wa Anga, Mheshimiwa Ndulila, alikuwa katika chumba cha wageni mashuhuri akila korosho. Bi Tunu alimweleza yote, akamwonyesha hesabu. Waziri alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa vidole, akasimama, kwa kuwa hakuweza kuzungumza akiwa amekaa.

"Bi Tunu," alisema, "taifa hili halikujengwa kwa kilo. Limejengwa kwa moyo. Wakoloni walitupima, wakatupima, wakatupima, na walipomaliza kutupima waliondoka. Leo wewe unataka kumpima nani? Umempima Mtukufu?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ni kreni iliyo..."

"Kreni ina cheo gani?"

Waziri, ambaye alikuwa mpenda demokrasia, aliita kamati ya watu saba iliyokuwa inasubiri nje kwa kazi kama hizo, akaiomba ipige kura kama sanamu ina kilo sabini na mbili au haina. Hoja ilipita kwa kura nane kati ya saba, maana kuna mjumbe alipandwa na uzalendo akainua mikono yote miwili.

Wajumbe walipotoka Waziri alirudisha mlango taratibu. Sauti yake ikawa nyingine, ndogo, ya mtu wa kawaida.

"Dada yangu, tuambiane ukweli. Ni vibaya kiasi hicho?"

"Ni kifo, Mheshimiwa."

"Mke wangu yumo mle."

"Mshushe. Washushe wote. Mheshimiwa, mwanangu naye yumo."

"Pole sana," alisema Waziri, na kwa kweli alionekana kusikitika. Kisha akakumbuka kwamba mke wake ana shinikizo la damu na daktari alishamkataza kupanda ndege, akatoka mbio kumfuata. Kuhusu mtoto wa Bi Tunu hakukumbuka kitu.

Lisemwalo lipo, na linalonong'onwa lipo zaidi. Katika nusu saa waheshimiwa wote thelathini walikuwa wamepata udhuru. Mmoja jino lilimwanza. Mwingine alikumbuka ameacha pasi inawaka. Wazazi kumi na mmoja walifariki ghafla asubuhi ile, baadhi yao kwa mara ya pili. Kila mheshimiwa alishuka ngazi akipungia jukwaa na kutamka kwa sauti kwamba ana imani kamili na ndege. Rubani mkuu naye akashikwa na tumbo, na nafasi yake ikachukuliwa na kijana mmoja, mpwa wa mtu mkubwa, aliyefundishwa urubani nusu, nusu nyingine akasamehewa.

Waliobaki ni wazee wa ngoma, waliokuwa wameketi nyuma kabisa na vyombo vyao, wakifurahia mito laini ya viti. Hao hakuna aliyewaambia. Na waheshimiwa walipokwisha kuondoka katikati, mkia ukazidi kuelemea.

*

Kidawa alishuka kuchukua maji. Bi Tunu alimkamata mkono chini ya ngazi.

"Kidawa, mwanangu, usirudi humo."

"Mama, umesaini?"

"Sijasaini. Wala sisaini."

Uso wa Kidawa ukalegea, akacheka. "Basi hofu ya nini? Si hatuendi popote. Ndege gani iliondoka bila jina lako?"

"Kaa hapa nami, nakuomba."

"Nikishuka kabla ya abiria nafukuzwa kazi leo hii, unawajua hawa. Na wazee wana kiu. Yule mmoja anaitwa Mzee Kombo, hajawahi kupanda ndege, ameniuliza kama dirisha linafunguliwa." Alimbusu mama yake shavuni, akabeba kreti la maji. "Wewe shikilia tu kalamu yako, mama. Mimi nitakaa nao mpaka waseme tushuke."

Akapanda. Bi Tunu aliishika kalamu yake kama alivyoambiwa.

Bwana Chambuso alikuja mara ya kwanza kumbembeleza, mara ya pili kumtisha, na mara ya tatu na askari wawili. Jukwaani Mtukufu alikuwa ameanza kutazama saa, na Mtukufu anapotazama saa kuna watu hupoteza miaka.

"Bi Tunu, saini. Nina watoto sita."

"Mimi ninaye mmoja, na yumo mle."

"Watakuchukua, na bado ndege itaondoka."

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Bi Tunu hakuwa mwerevu wa siasa, lakini mwenye kuzama haulizi kamba imetoka wapi.

"Bwana Chambuso, hebu nieleweshe. Yule mliyemweka mkiani ni sanamu, au ni Mtukufu?"

Chambuso alitazama askari. Askari nao walimtazama. Swali lilikuwa na jibu moja tu lililo salama.

"Ni Mtukufu."

"Ndiyo maana ana kilo sabini na mbili."

"Ndiyo maana."

"Sasa nani aliyethubutu kumtia Mtukufu kwenye tumbo la mizigo? Ametandikiwa turubai kama gunia, na kiti chake mbele ni kitupu! Mshusheni upesi, mumpitishe mlangoni, akae kwenye nafasi yake."

Mlango wa ndege, ambao Bi Tunu alijua vipimo vyake, usingepitisha hata bega la sanamu ile. Ingeshushwa ibaki palepale juu ya lami, watu wabishane mpaka jioni, na Kidawa ashuke. Aliona kijasho kikitoka juu ya mdomo wa Chambuso, akajua ameshinda. Kwa muda wa kama dakika tano, Bi Tunu alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote katika nchi ile.

Waziri aliitwa. Kamati ikaitwa. Wakakaa kivulini chini ya bawa. Waziri alifikiri kwa muda mrefu, na kwa kuwa hakuwa na mazoezi, mishipa ilimsimama.

"Hoja ya Bi Tunu ni nzito," alisema hatimaye. "Ni kweli aliyemo ndani ni Mtukufu. Lakini kumteremsha Mtukufu mahali alipo, kwa kreni, mbele ya mabalozi? Waheshimiwa, jambo hilo lina jina lake, na waliowahi kulifanya walinyongwa." Wajumbe wakashika shingo zao. "Atabaki alipo. Hata hivyo Bi Tunu ametufumbua macho. Ikiwa aliyemo ni Mtukufu mwenyewe, hii karatasi ya nini? Tangu lini Mtukufu akangoja ruhusa ya karani ili asafiri?"

Kamati ikashangilia. Waraka uliandikwa papo hapo na kugongwa muhuri juu ya mgongo wa askari: ndege aliyomo Mtukufu haihitaji sahihi ya mtu yeyote.

Bi Tunu aliuona wino ukikauka. Alielewa kwamba alikuwa na kitu kimoja tu cha kumkinga mwanawe, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyewaonyesha jinsi ya kukiondoa.

Kisha injini zikanguruma, akakimbia.

*

Alikimbia na viatu mkononi. Mafundi walikuwa wameshauondoa mguu wa chuma, na ndege ilikuwa inatikisika, pua juu. Kidawa alikuwa mlangoni, ameshika mpini, tayari kufunga.

"Sijasaini!" alilia Bi Tunu. "Kidawa! Sijasaini! Shuka! Wanaondoka bila mimi, shuka!"

Injini zilimeza maneno. Kidawa aliweka mkono sikioni, akainama. Mama yake akapiga kelele tena, kwa nguvu zote alizojaliwa, na katika yote aliyoyasema neno moja likafika.

"Hujasaini?" Kidawa aliuliza kwa midomo.

Bi Tunu alitikisa kichwa, akakitikisa tena, akapunga mikono yote miwili: sijasaini, sijasaini.

Kidawa akatabasamu. Alikwisha kuelewa, wanasogeza tu ndege kwa ajili ya wapiga picha. Alimwonyesha mama yake kiganja, tulia, akaufunga mlango.

Askari walimshika Bi Tunu mabega, kwa upole, maana nao walikuwa na mama. Ndege ilizunguka, ikasimama kidogo, ikaanza kukimbia. Jukwaani bendi ilipiga.

Gazeti la Serikali la siku iliyofuata liliandika kwamba ndege ya taifa imepaa kwa mwinuko ambao hakuna nchi jirani iliyowahi kuufikia. Kuhusu kutua halikusema kitu.

*

Siku ya tatu ya matanga Bwana Chambuso alifika nyumbani kwa Bi Tunu. Alivua viatu mlangoni, akatoa pole, akakaa kwenye ukingo wa mkeka. Macho yake yalikuwa mekundu, na sidhani kama ilikuwa ni kuigiza. Kisha akatoa bahasha.

"Dada, nisamehe. Nimetumwa. Tume ya uchunguzi imefanya kazi yake na imebakiza kitu kidogo tu. Ni utaratibu."

Ndani ya bahasha ilikuwa ile hati ya uzito. Chambuso alieleza kwa sauti ya chini, akitazama vidole vyake vya miguu. Tume ilikuwa imekaa na kuona kwamba Mtukufu hawezi kuanguka, na kwa hiyo kilichoanguka si Mtukufu. Kilichoanguka ni sanamu. Sanamu ni mzigo, na ndege yenye mzigo haiondoki bila sahihi ya karani. Waraka ulikuwa umefutwa, kuanzia siku moja kabla haujaandikwa. Jalada halifungiki bila jina la Bi Tunu.

"Ni hapa tu, chini," alisema, akanyoosha kalamu.

Bi Tunu hakuipokea.

"Bwana Chambuso, unajua kwa nini mwanangu alifunga ule mlango? Ni kwa sababu jina langu halikuwepo hapo. Aliniuliza, nikamwambia halipo. Ndiyo akafunga. Sasa wewe unataka niliweke?"

Chambuso alianza kulia. Alilia kama mtu mwenye watoto sita, kimya kimya, asimwagie karatasi machozi.

"Basi niambie, dada, niandike nini? Siwezi kurudi nayo tupu."

"Andika kwamba nilikataa."

Chambuso aliipangusa miwani yake, akaisogeza hati karibu na uso. Aliisoma yote kuanzia juu, mstari kwa mstari, akaigeuza, akasoma na nyuma yake. Alitafuta kwa moyo safi kabisa, na Bi Tunu alimngoja.

"Dada," alisema mwishowe, "fomu haina sehemu hiyo."